Jinsi ya kutengeneza mchezo wa sauti wa mtu asiyekufa (anza na shikamoo)

Hii ni kwa wale wanaotaka kutengeneza mchezo wa kusikiliza, uwe wa redio, uwe wa podikasti, uwe wa kurusha tu kwenye magrupu ya WhatsApp, na stori yenyewe ni ya mtu ambaye hafi. Nimeulizwa sana kuhusu hili afu nikitumiwa skripti karibu zote zinaanza vilevile, muziki wa kutisha, upepo, kisha jamaa mwenye sauti nzito anasema "Mimi nimeishi miaka mia tatu, nimeona falme zikisimama na kuanguka" na anaendelea hivo dakika nne nzima. Ndugu yangu, dakika ya pili mtu kashatoka kaenda kusikiliza singeli.

Na mi mwenyewe ya kwanza niliyoitengeneza ilianza hivohivo, tena nilijiona fundi kweli, nikampelekea shangazi yangu asikilize huku anachambua mchele, alipomaliza akaniuliza "huyu mzee anaumwa nini mbona analalamika hivi?" Mi nilitaka asikie kijana wa miaka 30 aliyeishi karne nzima bila kuzeeka, yeye kasikia mzee mgonjwa. Niliumia siku mbili afu nikaelewa tatizo liko wapi.

Kwenye filamu ni rahisi, unamweka jamaa mbele ya picha ya zamani ukutani, sura ileile, mtazamaji kamaliza kazi. Kwenye sauti hakuna sura. Sauti ya kijana ni sauti ya kijana, haiwezi kumwambia mtu kwamba huyu ni kijana tangu enzi za Wajerumani. Kwahiyo kutozeeka kwake huwezi kumsikilizisha mtu, unachoweza ni kufanya WENGINE wasikike wakizeeka pembeni yake. Hapo ndo kuna kazi yote, mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka hapo.

Amua kwanza hafi kivipi

Usiruke hii. Watu wanaandika "hafi" halafu sehemu ya tatu jamaa anapigwa risasi na hata mwandishi hajui nini kitatokea. Kuna asiyezeeka lakini anaweza kuuawa, kuna anayezeeka lakini hafi, kuna anayekufa na kuzaliwa tena, na kila mmoja ni stori nyingine kabisa. Wagiriki wa kale wana kisa cha Tithonus, aliombewa uzima wa milele kwa miungu ila aliyemwombea akasahau kuomba na ujana, basi akawa anazeeka tu, anazeeka, anasinyaa, hafi. Wengine wanasimulia aliishia kuwa nyenje. Fikiria hilo kwa sikio, mtu anabaki sauti tupu inayolia kwenye majani, yaani Wagiriki walishakuandikia mchezo wa sauti kabla redio haijazaliwa.

Na sisi tunazo zetu. Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, silaha haimpati, anayo sehemu moja tu ya kumuua, kitovuni, tena kwa sindano ya shaba, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Halafu tazama alivyokufa, alitoka na upinde wake akapiga goti karibu na kisima akafia palepale kakaa hivohivo, na mji mzima ukawa unaogopa kwenda kuchota maji kwa sababu wanamwona kashika upinde hawajui kama yuko hai au vipi. Mi kila nikifikiria tukio hilo kwa sauti nasisimka, ndoo zimekauka, watu wananong'ona kwa mbali, na pale kisimani kimya. Kimya tu. Kwenye filamu ungelazimika kuonesha maiti, kwenye sauti msikilizaji anakuwa mmoja wa wale wanaoogopa kusogea.

Kwahiyo mpe mtu wako sindano yake. Hata kama hutaitumia mpaka mwisho, wewe ujue iko wapi.

Kile kisa cha kinyonga pia ni dhahabu. Wazulu wanasema Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu hawatakufa, akatembea polepole anakula matunda njiani, mjusi aliyetumwa nyuma na habari ya kifo akamtangulia. Wakikuyu kwao ni kinyonga na ndege, na kinyonga alipofika akashikwa na kigugumizi, "nimeambiwa... nimeambiwa..." mpaka ndege akamkata kauli akatoa habari yake ya kifo. Binadamu wote tunakufa kwa sababu ya kigugumizi! Ukitaka kufungua mchezo wako usianze na upepo na muziki wa kutisha, anza na hicho kigugumizi sekunde kumi na tano kisha kata.

Tahadhari moja hapa. Pwani watu wengi wanamjua Nabii Khidhri, kuna wanaoamini bado yu hai na kuna wanazuoni wanaokataa. Usimfanye mhusika, usimpe mwigizaji, usimtungie maneno. Wahusika wako wakimtaja kwenye mazungumzo kama watu wanavyomtaja barazani inatosha.

Sasa shikamoo

Hii ndo silaha yetu ambayo wanaoandika kwa Kiingereza hawana. Kwetu salamu inabeba umri. Mtu akisema "shikamoo" na mwingine akajibu "marahaba" msikilizaji kashajua nani mkubwa bila wewe kuandika neno lolote la kueleza, na hii kwa mtu asiyezeeka ni balaa, kwa sababu salamu itamgeuka.

Chukua mfano wangu ninaoufanyia kazi sa hivi. Jamaa anaitwa Maganga, mpagazi wa Kinyamwezi, kateremka na msafara kutoka Unyanyembe, huko Tabora, mpaka Bagamoyo na huko akaacha kuzeeka, anaonekana kama wa miaka 30 hivi siku zote. Kuna mtoto anaitwa Tatu, jirani. Tatu akiwa na miaka saba anapita mlangoni anasema "Shikamoo baba Maganga," anajibiwa "Marahaba mwanangu." Sehemu inayofuata Tatu ana miaka 30, wako rika moja kwa macho ya watu, sasa ni "Maganga, hujambo?" "Sijambo Tatu, za kwako?" Hakuna shikamoo. Msikilizaji anashtuka kidogo, kuna kitu kimepotea hapo. Sehemu nyingine tena Tatu ana nywele nyeupe, watu wamejaa ukumbini, Maganga anaingia na lazima aseme, kwa sababu asiposema watamwona kijana hana adabu:

MAGANGA: Shikamoo bibi.
TATU: Marahaba mjukuu wangu. Karibu ndani, hawa wengine waache huko nje.
(Mlango unafungwa. Kelele za ukumbini zinakuwa za mbali.)
TATU: (kwa sauti ndogo) Shikamoo baba.
(Kimya.)
MAGANGA: ... Marahaba mwanangu.

Nilipoirekodi hii mara ya kwanza yule mama anayeigiza Tatu mzee alisimama akaomba maji. Na angalia hakuna aliyesema "umeishi miaka mingi", hakuna aliyetaja mwaka, salamu nne tu zimebeba maisha mazima ya mtu.

Kuna na kitu kingine kizuri humo kama stori yako inaanzia zamani sana. Shikamoo inasemwa ilitokana na kushika miguu, na huko nyuma pwani ilikuwa zaidi salamu ya mtu wa chini kwa mkubwa wake, mtumwa kwa bwana wake, haikuwa hii ya heshima kwa umri tunayoijua. Sasa Maganga aliyeingia Bagamoyo miaka ya 1870 aliisikia ikiwa na uzito ule. Mtoto anamsalimia kwa furaha miaka hamsini baadae na yeye moyoni kuna kitu kinamkwaruza. Usikieleze. Mwambie mwigizaji achelewe nusu sekunde kujibu marahaba, basi.

Kama unaandika kwa watu wa Nairobi au Kisumu jua kwamba shikamoo haina nguvu hivo huko, tumia majina ya kuitana, mama fulani, guka (babu) na cucu (bibi) kwa Wakikuyu, dani (bibi) kwa Wajaluo, vile vinavyotumika kwenu. Wazo ni lilelile.

Maneno yana umri

Hapa ndo wengi wanaungua. Mtu kaandika msafara wa 1874 halafu mpagazi anasema "sina hela." Hela! Hilo neno limetoka kwenye heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza 1904, rupia moja ikawa heller 100. Kabla ya hapo sema rupia, sema pesa, sema riale. "Shule" nayo ni Kijerumani, 1874 mtoto anakwenda chuoni kusoma kwa mwalimu, haendi shule. Shilingi ya Afrika Mashariki imekuja baadae enzi za Waingereza, miaka ya mwanzo ya 1920, na shilingi ya Tanzania ni 1966. "Ndugu" ya kumwita mtu ofisini na mkutanoni ni ladha ya baada ya Azimio la Arusha 1967. Na kadhalika.

Ila usigeuze hii kuwa mtihani wa historia. Matumizi yake mazuri ni kinyume, mpe mtu wako neno moja au mawili ambayo hakuyaacha. Maganga mpaka leo anasema rupia. Yuko kwenye daladala mwaka huu konda anadai nauli, yeye kwa bahati mbaya anasema "nimebakiwa na rupia mbili", konda anacheka anadhani ni utani, abiria mmoja mzee hacheki. Neno moja tu hilo limefanya kazi ya ile hotuba yako ya dakika nne.

Na tafadhali, mtu asiyekufa asiongee kwa methali. Sijui nani aliwaambia watu kwamba ukiishi sana unaanza kuongea kama kanga. Mtu aliyeishi miaka 180 kachoka, anaongea kifupi, anaulizia bei ya dagaa. Hekima waachie wale wa miaka 40.

Mahali pana umri pia

Ukichagua mji chagua mmoja na ukae hapo. Stori inayorukaruka kila bara kwa sauti inachanganya, msikilizaji anapotea kwa sababu hana picha ya kumsaidia. Mji mmoja, miaka mingi, na sauti zilezile zinabadilika. Mi nimechagua Bagamoyo kwa sababu ina kila kitu, misafara, misheni ya tangu 1868, Wajerumani, Waingereza, uhuru, na bahari ambayo haijabadilika hata kidogo. Bahari iwe ndo sauti yako ya kudumu. Irekodi mara moja vizuri dakika kumi, maji yakijaa na yakipwa, halafu tumia rekodi hiyohiyo kila zama bila kuigusa. Wasikilizaji hawatajua kwa nini wanahisi wako palepale.

Nilirekodi mandhari ya pwani asubuhi nikaiweka chini ya tukio la 1874, nikatulia. Baadae nikaja kugundua nimejaza kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaotuibia chapati wameletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ndo wakasambaa bara, 1874 hawakuwepo! Tulikuwa na yule mwenye kola nyeupe tu na kelele zake ni nyingine. Nani atajua? Karibu hakuna. Ila nikawageuza kuwa faida, kwenye mchezo wangu kunguru hawasikiki sehemu za mwanzo, wanaanza mmoja mmoja, mpaka sehemu ya mwisho wako kila mahali, na Maganga kuna siku anauliza tu "hawa ndege wamekuja lini?" hakuna anayemjibu kwa sababu kwa wengine wote walikuwepo siku zote.

Fanya hivohivo na adhana, maneno yaleyale ila kwanza koo tupu ya mtu juu ya paa, baadae spika. Fanya na pesa: riale ya fedha ya Maria Theresa ni gramu 28, ikianguka mezani inalia nzito na ndefu, heller ya shaba inalia kidogo, noti inasugua, na kuanzia 2008 M-Pesa ilipoingia kwetu pesa inakuwa mlio wa simu tu. Fanya na miguu, wapagazi peku kwenye mchanga, mtalawanda (viatu vya mbao) kwenye sakafu, makatambuga, kandambili. Milio ya riale nilitengeneza kwa kugonga vijiko viwili vizito juu ya bakuli la udongo, mtalawanda ni vibao viwili na mpira wa baiskeli. Usinunue vitu.

Chagua viwili au vitatu tu kati ya hivo. Ukitia vyote inakuwa makumbusho.

Na tukio la kufungulia, kama umekaa Bagamoyo kama mimi, historia imekuandikia. Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, alikufa Mei 1873 kijijini kwa chifu Chitambo huko ambako leo ni Zambia, watu wake wakina Chuma na Susi wakaukausha mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa watu wamebeba maiti begani hawataki kuiachia. Na pembeni ya njia kasimama Maganga ambaye ndo kwanza kaanza kuhisi yeye hatakufa. Mi sikuandika neno hata moja la mazungumzo, ni miguu, miguu, miguu, halafu inasimama.

Waigizaji

Asiyekufa aigizwe na mtu mmoja mchezo mzima, asibadilishe sauti, asiigize uzee. Wale wanaozeeka ndo wanahitaji watu kadhaa, na hapa nina ujanja mmoja ambao ni bora kuliko programu yoyote: tafuta ukoo. Tatu wangu watatu ni mtoto, mama yake, na bibi yake mzaa mama. Sauti za watu wa damu moja zinafanana kwa namna ambayo sikio linaijua lenyewe, yule mtoto akicheka sehemu ya pili na bibi akicheka sehemu ya saba ni kicheko kilekile.

Ukikosa ukoo ukalazimika kumzeesha mtu mmoja, usimwambie atetemeshe sauti, ile ni ya komedi. Mwambie apunguze pumzi, akate sentensi katikati avute hewa, achelewe kuanza kujibu. Na jua hili, sauti ya mwanaume akizeeka sana huwa inapanda juu kidogo na ya mwanamke huwa inashuka, watu wengi wanafanya kinyume, mzee wa miaka 85 anaongea besi kama mbabe wa trela za filamu.

Mtoto mrekodi wa kwanza. Kabla hajachoka na kabla hujamharibu kwa soda.

Sauti ya aliyekufa

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo pananiuma zaidi. Chombo chenyewe tunachotumia, kurekodi, ni aina ya kutokufa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri kwenda Bombay kurekodi 1928, akafariki 1950, na leo unaweza kuisikiliza sauti yake ukiwa kwenye foleni. Mi nina voisi noti ya bibi yangu, sekunde 41, ananiuliza kama nimeshatuma ya unga. Sijawahi kuifuta wala kuisikiliza yote tena.

Sasa mpe mtu wako asiyekufa rekodi ya mtu aliyekufa. Santuri ya zile za zamani za 78 upande mmoja ni kama dakika tatu. Maganga alioa miaka ya 1920, mkewe aliimba, kuna santuri moja. Yaani mkewe amebaki dakika tatu. Anaipiga kila mwaka siku ileile, na kila ikipigwa sindano inaila kidogo, mikwaruzo inaongezeka, sehemu ya tisa maneno ya beti la pili hayasikiki tena na yeye anayaimba kuziba pengo. Umeelewa? Yeye hafi, rekodi inakufa. Kuitengeneza ni rahisi, rekodi wimbo mfupi (utunge mwenyewe, usichukue wa watu), kata besi yote na juu kote ubaki na katikati, ongeza mikwaruzo halisi uliyorekodi ukisugua kitenge juu ya maiki, na kila sehemu ongeza kidogo.

Marehemu profesa John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba kwenye jamii zetu nyingi aliyefariki bado anahesabika yupo madhali kuna anayemkumbuka kwa jina, akifa wa mwisho anayemkumbuka ndo anaondoka kweli. Weka hiyo chini ya mchezo wako wote uone inavyobadilika. Asiyekufa wako ndo wa mwisho anayekumbuka majina ya watu mia mbili. Haruhusiwi kusahau. Hofu yake sio kufa, ni kuamka siku moja jina la mtu limemtoka. Hapo una stori, sio jamaa analalamika juu ya falme.

Kurekodi, haraka haraka

Simu inatosha. Irekodi kwa WAV (faili lisilobanwa) kama programu yako inaruhusu, simu iwe umbali wa kama shibiri moja kutoka mdomoni na kwa pembeni kidogo sio mbele kabisa ili "p" na "b" zisipige. Blanketi au vitenge vizito nyuma ya mwigizaji na pembeni. Zima feni, zima friji (weka funguo zako juu ya friji ili usisahau kuiwasha tena, nyama yangu iliharibika mara moja). Rekodi usiku baada ya saa nne za usiku bodaboda zikipungua. Sauti ikiwa juu kabisa isipite -6 dB kwenye mita ya programu, ukiona inagusa sifuri rudia, iliyopasuka haishoneki.

Mwigizaji aliye mbali asikutumie kama voisi noti ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa sana na utasikia tofauti, arekodi kwenye programu nyingine atume kama dokumenti.

Mwangwi, watu wanaupenda sana kwa kumbukumbu za zamani, kila mtu akikumbuka kitu kunakuwa kama pangoni. Acha. Kwa mtu asiyekufa zamani sio pango, zamani ni chumba cha pili, iko kavu na karibu kuliko leo. Mi kumbukumbu za Maganga naziweka karibu na maiki kabisa, kavu, na tukio la leo ndo nalirudisha nyuma kidogo. Mwangwi uutumie kwa majumba tu, nyumba ya udongo inameza sauti, nyumba ya mawe ya dari ndefu inairudisha. Nenda karekodi makofi kwenye ngazi za jengo lolote la zamani usikie.

Kuhariri programu ya bure ya Audacity inatosha, ukimaliza isawazishe sauti iwe karibu LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kama ni stirio, -19 kama ni mono. Kwa magrupu toa mono MP3 ya 64 kbps, dakika kumi inakuwa kama MB 5 na watu wa bando dogo watakushukuru. Kwangu mi skripti ya maneno 1,200 na efekti ndani inatoka dakika kumi hivi, usivuke hapo kwa sehemu moja.

Mwisho wa mchezo

Kila mtu anataka amuue mwishoni. Naelewa. Redio yetu imetuzoesha, Twende na Wakati iliyoanza Redio Tanzania 1993 ilimfanya dereva wa malori Mkwaju apate ukimwi na nchi nzima ikajifunza, kwahiyo tunaona stori bila kifo haijakamilika. Kama unamuua basi iwe ile sindano uliyoipanga ukurasa wa kwanza, na anayeishika awe mtu aliyempa yeye mwenyewe, asitokee mchawi wa sehemu ya kumi hatumjui.

Mi Maganga simuui. Sehemu ya mwisho anarudi nyumba ya Tatu, arobaini imeshapita, mkeka umekunjwa, nje kuna wajukuu wa watu wanacheza na kunguru wanapiga kelele. Anabisha hodi mara tatu kama ilivyo ada. Anafungua mwenyewe, hatua nne ndani, anasimama. Anasema shikamoo. Hapo weka sekunde sita za chumba kitupu, sio kimya cha kompyuta, rekodi chumba halisi kisicho na mtu, na usiweke muziki hata mtu akikuomba, halafu kata.